Kwenu Wapi?

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wapenzi wa Kiswahili hapa Tanga mjini. Wengi mlikosa kufika kwa sababu ya mvua, wengine kwa sababu ya msiba wa Makorora, mkaniomba niyaandike. Nimeyaandika yalivyotoka kinywani. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hata ukumbini hazikuwa zikionekana vizuri.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wote, habari za jioni.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, wanangu mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nikiingia humu nimekutana na kijana mwenye daftari, anaandika majina. Kijana wa adabu, kanipokea na mwavuli. Akaniuliza, "Mwalimu, samahani, kwenu wapi?" Nikamjibu, Chumbageni. Akatabasamu. "Hapana, Mwalimu, Chumbageni ndiko unakokaa. Nauliza kwenu." Nikamwambia basi andika Tanga. Akaliangalia jina langu la ukoo, akaniangalia na mimi, akasema, "Lakini hili jina si la hapa."

Msimcheke. Amekosea nini? Sote tunauliza hivyo. Kwenye daladala tunauliza, posa ikiletwa tunauliza, na mtu akifa ndiyo tunauliza zaidi. Nina miaka sitini na kitu, nimezaliwa mkoa huu, nimefundisha watoto wa mkoa huu mpaka nikastaafu, na swali hilo bado linanipiga mweleka.

Waliopanga jioni hii wameniomba niseme juu ya maneno mawili, ustaarabu na nyumbani, na jinsi maana zake zinavyohitilafiana. Nadhani walitaka mada mbili kwa bei ya moja. Mimi naona ni mada moja tangu mwanzo, na kijana wa mlangoni ameshaifungua.

Tuanze na hiki kineno chake, kwenu.

Kuna mtu anaishi peke yake Mikanjuni. Chumba kimoja, hana mke, hana mtoto, hata paka hana. Jioni akitoka kazini anasema, "Nakwenda kwangu." Sawa. Sikukuu ikikaribia anasemaje? "Nakwenda kwetu." Kwetu yeye na nani? Ukimuulizia, jirani atakwambia, "Kaenda kwao." Kwao na kina nani, na mtu mwenyewe ni mmoja? Nimefundisha sarufi zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila mwaka hutokea mwanafunzi mmoja mkorofi, mkorofi wa kheri, akaniuliza: Mwalimu, mbona mtu mmoja tunamuuliza "kwenu" wapi, hatumuulizi "kwako" wapi?

Hebu jijibuni wenyewe. Kwangu ni mlango na kufuli. Kwangu nalipa kodi, na mwenye nyumba akinichoka ananitoa. Kwetu je? Kwetu nani atanitoa? Kwetu kuna watu, na hao watu ndio wanaokufanya useme "-etu". Binti akiolewa anapata kwake, lakini kwao hakufutiki. Siku akionekana na sanduku amerudi kwao, mtaa mzima unajua kuna jambo.

Si kila lugha inafanya hivi. Mwingereza ana neno la nyumba ya matofali, na neno lingine la nyumbani, "home", na analivaa peke yake kama koti: la kwangu, la kwako. Mfaransa hana neno moja la kukaa mahali pa hilo la Mwingereza. Husema "chez moi", yaani kwangu, na hiyo "chez" ilizaliwa na neno la Kilatini la kibanda. Mwarabu ametupa maskani, na shina lake ni kutulia. Humo humo imetoka sakina, ule utulivu wa moyo. Hapa kwetu, Wadigo na Wasambaa nyumbani wanakuita kaya, na Serikali ikalichukua neno hilo likawa la kwenye fomu. Wakati wa sensa ya mwaka 2022 mligongewa mlango mkaulizwa mkuu wa kaya ni nani. Pale kwangu tulitazamana.

Sasa ustaarabu. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Zamani watu wa pwani hii hawakuwa na haja na neno ustaarabu. Walikuwa na uungwana. Muungwana alikuwa nani? Leo tukisema muungwana tunamaanisha mtu mpole, mwenye haya. Enzi hizo alikuwa mtu huru, mwenye nasaba inayojulikana mjini, mwenye nyumba yake na makaburi ya wazee wake. Na kinyume cha muungwana? Mtumwa. Na mtumwa ni nani? Methali mnaijua, semeni nami: mkosa kwao mtumwa.

Rudieni. Mkosa kwao, mtumwa.

Mnaona inakotupeleka? Kama mkosa kwao ni mtumwa, basi muungwana ni mwenye kwao. Neno letu la kwanza la ustaarabu halikuuliza unakula kwa kijiko au kwa mkono. Liliuliza kwenu wapi. Lile lile la kijana wa daftari!

Halafu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Sultani wa Omani akahamishia makao yake Unguja. Heshima ikahama, na lugha ikaifuata. Polepole uungwana ukasogezwa pembeni, ukakaribishwa ustaarabu. Neno hilo kwa Kiarabu ni kujifanya Mwarabu, kuingia katika Uarabu. Wanasaba wa Kiarabu wenyewe wana fungu wanaloliita hivyo: kizazi cha Nabii Ismail huhesabiwa kuwa ni walioingia katika Uarabu, tofauti na Waarabu wa asili. Lakini Mwarabu akitaka kusema ustaarabu kwa maana yetu, halitumii hilo. Husema "hadhara", ukaaji wa mjini, au "tamaddun", ambayo imo ndani yake "madina", mji. Hiyo tamaddun sisi tumeifanya utamaduni. Kwa hiyo lile neno tunalolitumia kwa ngoma na mavazi ya jadi, asili yake ni mambo ya mjini, na lile tunalolitumia kwa mambo ya mjini, asili yake ni kufanana na mtu mwingine. Nani alituchanganyia? Hakuna aliyetuchanganyia. Lugha ndivyo zilivyo, huvaa nguo za wageni kisha zikasahau kuzirudisha.

Mzungu naye? Neno lake "civilization" limetoka kwa mwenyeji wa mji, kwa Kilatini "civis". Msidhani ni la kale. Katika maandishi ya Kifaransa lilionekana kwa maana hii mwaka 1756, kwa mtu aitwaye Mirabeau, baba wa yule Mirabeau wa Mapinduzi ya Ufaransa. Na London, mwaka 1772, mzee Samuel Johnson aliyekuwa akisahihisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza alikataa kuliingiza. Rafiki yake Boswell alimsihi, mzee hakutaka.

Sasa shukeni Tongoni, njia ya Pangani. Kuna msikiti pale na makaburi ya nguzo, kazi ya karne ya 14 na ya 15. Neno "civilization" linazaliwa, msikiti wa Tongoni ulishazeeka na watu wake walishahama. Jina lenyewe linasema hivyo, maana tongo ni mahame. Nakutajieni hili kwa sababu kila nikipita pale pakiwa na watalii huwa nasikia mtu akieleza kwamba ustaarabu ulifika pwani hii ukitoka mahali. Ulifika! Kama boksi la bandarini.

Na kweli walituandikia hivyo. Mkutano wa Berlin, Februari 1885, ibara ya 6. Katika nakala ya Kiingereza sentensi moja imebeba maneno yetu yote mawili: kwamba wenyeji wafikishiwe, "mpaka nyumbani" kwa msemo wa Kiingereza, baraka za ustaarabu. Mwaka 1919 wakaandika tena, Mkataba wa Ushirika wa Mataifa, ibara ya 22, kwamba ustawi wa watu wa makoloni yaliyonyang'anywa Wajerumani ni "amana takatifu ya ustaarabu". Kwa ibara hiyo Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza mwaka 1922. Na kabla ya hapo, Novemba 1914, hao wenye amana walikuja kupigana hapa hapa Tanga, nyuki wakatoka kwenye mizinga wakawauma wa pande zote mbili bila kumuuliza mtu kwao wapi.

Nacheka, lakini kuna ustaarabu mwingine haukunichekesha.

Mimi nilizaliwa kambini. Namaanisha kambi ya mkonge, njia ya Muheza. Baba alikuwa manamba, yaani kibarua wa mashamba ya mkonge, Muha wa Kasulu. Mama ni Mbondei. Kambini Kiswahili chetu kilikuwa cha watu wote: Mbena, Mrundi, Mmakonde, Mngoni, Mnyakyusa, kila mmoja katia chumvi yake. Nilipohamishiwa shule ya mjini, siku ya pili nikaulizwa darasani asubuhi huwa nakula nini. Nikasimama kwa heshima nikasema, "Mimi nakulaga viazi."

Darasa lilianguka. Nakulaga! Naendaga! "Mbara huyo!" Na mwalimu, ambaye leo namsamehe na simtaji, akasema huku akifuta ubao, "Watoto wa kambi, mtawajua tu. Ustaarabu hawajui." Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijifunza "huwa nakula" usiku ule ule, na sikusema "nakulaga" tena mpaka nilipoingia chuo.

Chuoni nikakutana na nini? Nikakuta kwamba ile "-ga" iliyonichekesha darasa zima ni ya kale katika lugha za Kibantu, wataalamu wanaihesabu miongoni mwa viambishi vya lugha mama yenyewe. Wanyamwezi wanayo, Wasukuma wanayo, Waha wanayo. Sisi wa pwani ndio tuliopoteza. Mtoto wa kambi alikuwa amekuja darasani na kitu cha nyumbani kwa babu yetu sote, akaambiwa hana ustaarabu.

Mshenzi, mshamba, mbara, wa kuja. Yasikilizeni hayo matusi. Ni tusi gani hapo linalosema mtu ni mwongo, au mwizi, au mkatili? Hakuna. Yote yanamwambia kitu kimoja: hapa si kwenu.

Tuondoke Tanga kidogo, twende Bagamoyo.

Mnajua hadithi mbili za jina lile. Moja ni ya wapagazi: mtu ametoka Unyamwezini na jino la ndovu begani, miezi mitatu, ameiona bahari, anautua mzigo na kuubwaga moyo. Nyingine ni ya watumwa: ubwage moyo wako hapa, kwenu hutakuona tena. Watu hugombana ipi ni ya kweli. Mimi sigombani. Njia ilikuwa moja, wawili hao walikuwa wakitembea pamoja.

Februari 1874 msafara mmoja uliingia Bagamoyo umebeba mzigo wa ajabu. Daktari Livingstone alikuwa amefariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Huyu ndiye aliyezunguka Uingereza akihubiri kwamba biashara, Ukristo na ustaarabu vitaingia Afrika pamoja. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, wakakaa shauri. Wangeweza kumzika pale wakaenda zao. Wakaamua kumrudisha kwao. Wakautoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti wa mpundu, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome na vitambaa ufanane na mzigo wa kawaida, kwa maana ni kijiji gani kingekubali maiti ipite? Wakatembea zaidi ya kilomita 1,500, miezi tisa. Karibu na Tabora walimkuta Mwingereza mwenzake, Cameron, akawashauri wamzike hapo hapo yaishe. Walikataa.

Nawauliza, walimkatalia kwa nini? Aliyetoa ushauri ni ndugu wa marehemu kwa taifa na kwa lugha. Wao ni wapagazi.

Na tazameni walikuwa nani. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akafunguliwa kamba mwaka 1861. Jacob Wainwright, aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi juu ya ule mti, alikuwa Myao pia, aliyeokolewa utumwani akasomeshwa Nasik, India. Kwa kipimo cha methali yetu hao ni wakosa kwao. Na hao wakosa kwao ndio waliombeba mtu aliyekuwa na kwao mpaka baharini, ili alale kwao.

Bagamoyo maiti ililala usiku kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 ikawa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kisha meli ya kivita ikaja kuichukua. Na wabebaji? Walilipwa mishahara yao wakaambiwa nendeni. Ni Wainwright peke yake aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza, kwa nauli ya shirika la kanisa. Susi na Chuma walikuja kualikwa baadaye, mazishi ya Westminster yameshapita. Mstaarabu hapo ni nani? Sijibu. Mkienda Bagamoyo, kile kimnara cha kanisa la zamani bado kipo, kaeni kivulini pake mjibu wenyewe.

Nina hadithi nyingine, na hii ni ya mkoa wetu. Nashangaa watoto wetu hawaijui.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga Uzigua. Watu wakadanganywa, wakaambiwa pandeni jahazi kuna kazi na chakula. Walishushwa kusini mwa Somalia wakawa watumwa wa mashambani. Wengine wakatoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke kiongozi, Wanakhucha, aliyewaongoza usiku, wakikusudia kurudi kwao. Wakafika mto Juba, na msitu ule ukawa ngome yao. Wakabaki. Wenyeji wakawaita Wagosha, watu wa msituni, na "jareer", wenye nywele ngumu. Mnaona? Kule nako kulikuwa na washenzi wao.

Wakaishi huko zaidi ya miaka mia na hamsini. Wazazi wakafa, wajukuu wakafa, vitukuu wakazeeka. Lugha hawakuiacha. Mwaka 1991 Somalia ikavunjika, bunduki zikawafikia, wakakimbia. Wengi waliingia kambi za Kenya, na baada ya mwaka 2003 Marekani ikachukua maelfu. Lakini wengine walikaza mwendo kuja huku. Wakafika Handeni wakiongea Kizigula, na wazee wa Handeni wakawasikia. Fikirini hilo. Mtu anatoka Somalia, jina lake la Kisomali, vazi lake la Kisomali, anafungua mdomo, na bibi wa Handeni anamwelewa! Serikali ikawatengea makazi Chogo, wilaya hiyo hiyo ya Handeni, na ikaanza kuwapa uraia.

Lakini wengine hawakuona pale ni kwao. Wengine walizaliwa Juba, wakazikia wazazi wao Juba. Kwao wapi? Ukiwa na daftari mlangoni, ungeandika nini?

Wataalamu wa lugha za kale za Ulaya wana jambo ambalo nililisoma nikafunga kitabu, nikaenda kuchota maji. Wanasema "civis" ya Kilatini, ile iliyozaa ustaarabu wao, na "home" ya Mwingereza, ni ndugu wa tumbo moja. Shina lao ni la zamani mno na maana yake ni kulala. Kujilaza chini. Na kuna ndugu wa tatu: neno lao la makaburi, kwa Kigiriki mahali pa kulala.

Ustaarabu, nyumbani, makaburi. Shina moja, kulala!

Na sisi? Sisi makazi na makao yetu yametoka kwenye kukaa. Mji wetu mnadhani ni barabara na taa tu? Waulizeni wakunga. Mtoto kabla hajazaliwa analala wapi? Katika mji wa mimba.

Mkonge nao ni mgeni hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, asili yake ikiwa Mexico. Ilipofika ni 62 tu iliyokuwa hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba mnayoyaona mpaka Kilimanjaro. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000, hakuna nchi duniani iliyotuzidi. Mkonge hauulizwi kwao wapi. Umewekwa mpaka kwenye majengo na majina ya mitaa, ni wetu.

Waliokata huo mkonge ndio tunaowauliza.

Baba aliletwa na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, iliyoanza mwaka 1944. Treni, kisha lori. Alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na kipande cha siku 30 cha kupigiwa alama kila ukimaliza kazi ya siku. Alikata, baadaye akapelekwa korona. Korona ya mashine ya kusaga majani ya mkonge, wanangu, ugonjwa ulikuja juzi. Alikuwa na kopo la maziwa, ameliwekea kifuniko cha waya, anatia senti. Mama akiuliza, anasema, "Nauli ya kwetu." Mwaka wa mkataba ukaisha, akatia tena. Nimezaliwa nikalikuta kopo. Nimeolewa nikaliacha kopo. Tanga mnajisifu, waja leo, kuondoka majaliwa. Wenzenu wengine majaliwa yao yalikuwa nauli.

Alifariki mwaka 1996. Tukalifungua kopo. Chini kabisa shilingi za Afrika Mashariki, zile za simba, tangu wakoloni. Juu yake noti za kwetu zilizokwisha kuondolewa kwenye mzunguko. Juu kabisa hela halali, haikufika hata nauli ya basi mpaka Korogwe.

Ndugu wa Kasulu walipiga simu kwa duka la jirani: mleteni, alale kwao. Hesabu ya gari la kubeba maiti ilitushinda. Tulikaa barazani, wanaume wananong'ona, mimi nalia kwa hasira zaidi ya msiba. Akasimama mzee mmoja wa Kibena, aliyekuja na lori moja na baba. Hakuhutubia. Alisema, "Huyu nimelala naye chumba kimoja miaka saba kabla hajaoa. Anakoroma, namjua. Atalala hapa, mimi nitamfuata." Akachukua jembe. Akamfuata kweli, mwaka wa pili yake.

Baada ya arobaini nikapanda treni kwenda Kasulu kuwapa habari vizuri, mara yangu ya kwanza. Shangazi alinipokea kwa "Mwakeye", nikajibu vibaya, watoto wakacheka, wakacheka kama lile darasa. Aliniuliza mambo mawili tu: kama tulimlaza vizuri, na kama alikuwa na watu. Nikamwambia juu ya Mbena. Akanyamaza sana. Nilikaa wiki moja. Nikiondoka akanifungia maharage, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake, "Ukifika kwenu, wasalimie."

Kwenu! Shangazi yangu, damu ya baba yangu.

Basi nirudi kwa kijana wa daftari. Yuko wapi? Haya, mwanangu, usijifiche. Ile kambi siku hizi haina watu, mabati yameezuliwa. Makaburi ya manamba yamemezwa na mkonge pori na michongoma, lile la Mbena silioni tena, nalijua kwa mwembe tu. Jumamosi saa moja asubuhi kuna gari dogo litatoka stendi ya Muheza. Nafasi ziko kumi na nne, anayetaka aandike jina kwenye daftari hilo hilo. Njooni na panga na jembe, na mikono mirefu, maana mkonge unachoma. Maji na viazi nitaleta mimi.